Nivumilie

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimekaa na neno moja tu, na nililisikia kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kabla sijalikuta kwenye Biblia. Jumatano mama mmoja alisimama, kitabu chake cha hisa mkononi, akasema, "Jamani wenzangu, rejesho la leo sina. Mnivumilie." Kukawa kimya. Kisha mtu akanong'ona, mnong'ono ule wa kusikika na kila mtu: "Huyu tukimwachia, tutaendekeza."

Aliyenong'ona ni mimi.

Usiku nikafungua Mathayo 18, mfano wa mfalme aliyefanya hesabu na watumwa wake. Mtumwa wa kwanza anadaiwa talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari ni ujira wa kibarua wa siku moja, kama wale wa shamba la mizabibu katika sura ya 20. Piga hesabu: siku milioni 60 za kibarua. Hata angeanza kulipa Nuhu akiwa bado anapiga misumari ya safina, asingemaliza. Lakini anaanguka na kusema, "Bwana, nivumilie, nami nitakulipa yote pia." (Wadaiwa tunajuana; kwa ahadi hatujambo.) Halafu anakutana na mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, mwenye deni la dinari mia. Hilo nalo si deni la kudharau, ni vibarua vya zaidi ya miezi mitatu. Mjoli naye anaanguka: "Nivumilie, nami nitakulipa yote pia." Ombi ni lile lile, neno kwa neno. Kilichopungua ni "Bwana" tu.

Sasa angalieni. Mtu akisema nivumilie, anaomba muda. Deni liko pale pale, daftari halijaguswa. Mfalme hakumpa alichoomba. Maandiko yanasema akamhurumia, akamfungua, akamsamehe. Vitenzi vitatu, na kuvumilia hakimo. Mimi nadhani yule mtumwa hakusikia vizuri. Alitoka mle ndani akiamini ameongezewa siku, na mwenye kuongezewa siku ndiye anayewakaba wenzake koo na kusema, "Nilipe uwiwacho," yaani unachodaiwa, kwa sababu tarehe inamkimbiza. Hivyo ndivyo nisomavyo mimi. Mchungaji akinisahihisha nitapokea.

Nikarudi kwenye neno langu, kuendekeza. Kiswahili chetu kina maneno mengi ya jambo hili. Kuna ya sifa: kuvumilia, kustahimili, kuchukuliana. Kuna ya lawama: kudekeza, kuendekeza, kulea uovu, kufumba macho. Nikijichunguza, huwa nayagawa kwa kuangalia sura ya mtu. Mwanangu akivunja glasi, nasema ni mtoto, tumvumilie. Dada wa kazi akivunja ya pili yake, nikinyamaza najiona namdekeza. Glasi zote zilitoka kwenye boksi moja.

Sisemi maneno ya lawama hayana kazi. Kuhani Eli aliwasema wanawe kwa uovu wao, tena kwa maneno mazito, lakini hakuwazuia, na nyumba yake ililipa. Kanisa la Thiatira linaambiwa katika Ufunuo 2:20, "wamridhia yule mwanamke Yezebeli." Kuridhia! Hapo hakuna uvumilivu, hapo mtu amekubali yaishe. Ila msiishie mstari huo kama nilivyokuwa nikiishia miaka yote. Mstari wa 21 Bwana huyo huyo anasema juu ya mwanamke huyo huyo, "Nami nimempa muda ili atubu." Amemwambia kosa lake, na amempa muda. Kumbe vyote viwili vinakaa kinywani pamoja. Mimi Jumatano sikumwambia yule mama neno lolote usoni, na muda pia sikumpa.

Paulo akiwaandikia Wakolosai anatumia kuchukuliana: "mkichukuliana, na kusameheana" (3:13). Ndani yake kuna kuchukua, kama mtu anavyochukua mzigo kichwani. Na ile -ana ya mwisho ndiyo iliyonichoma, kwa sababu inasema mimi pia kuna mtu amenibeba. Mwaka jana mama yangu alipolazwa nilikosa marejesho mara mbili mfululizo. Hakuna aliyenong'ona. Au walinong'ona, wakahakikisha sisikii. Faini niliandikiwa, nikalipa, na mwenzangu mmoja akaniletea ndizi hospitali bila kutaja kikoba.

Nani alileta zile ndizi, wapendwa? Mnajua tayari.

Juzi usiku amenitumia ujumbe: "Dada, nimepata elfu ishirini, inayobaki mnivumilie hadi Jumatano." Naandika tafakari hii na sijamjibu. Nimeandika "Sawa," nikafuta. Nimeandika "Pole, watoto wanaendeleaje?" nayo nikafuta, maana sikuwa nimeuliza siku zote hizo. Simu iko hapa mezani. Ngoja nimpigie kwanza.