Kipeuo cha pili cha 7 − 24i, na alama zinazoponyoka

Chukua mlinganyo huu wa kwadratiki:

z² − (2 + i)z + (−1 + 7i) = 0

Kanuni ya jumla inafanya kazi kama kawaida hata namba zikiwa changamano, yaani zenye i, ambapo i² = −1. Ndani ya kipeuo unapata:

(2 + i)² − 4(−1 + 7i)

Makosa mengi huanzia hapa, kipeuo chenyewe hakijaguswa. (2 + i)² si 4 + i². Kuna 4i ya katikati. Na kwa kuwa i² = −1, jibu ni 3 + 4i. Kisha −4 inazidisha kila kilichomo kwenye mabano: 4 − 28i. Jumlisha: 7 − 24i.

Sasa tuseme (x + yi)² = 7 − 24i, x na y zikiwa namba halisi. Ukilinganisha sehemu halisi, x² − y² = 7. Ukilinganisha sehemu za i, 2xy = −24.

Wengi hapo huweka y = −12/x, wakaishia na x⁴ − 7x² − 144 = 0. Utafika, ila kwa kuzunguka bure. Tumia moduli, yaani umbali wa namba kutoka sifuri: ya x + yi ni √(x² + y²), na mraba wake ndio moduli ya 7 − 24i. Hivyo x² + y² = √(7² + 24²) = 25. Jumlisha na mlinganyo wa kwanza, 2x² = 32, hivyo x² = 16. Toa, y² = 9.

Basi x ni ±4, y ni ±3. Usizichanganye ovyo: xy = −12 ni hasi, kwa hiyo alama lazima zitofautiane. Vipeuo ni 4 − 3i na −4 + 3i, basi. Mraba wa 4 + 3i ni 7 + 24i, namba nyingine kabisa.

z = [2 + i ± (4 − 3i)] / 2

Ukijumlisha unapata 3 − i. Ukitoa (kumbuka −3i inageuka +3i) unapata −1 + 2i. Hakiki: jumla yao ni 2 + i, na zao lao −1 + 7i.

Moduli haitoki namba nzima kila mara. Kwa 1 + i, x² = (1 + √2)/2. Iache hivyohivyo, ukiingiza desimali mapema, uhakiki wa mwisho hautalingana sawasawa.

Na √(−4) × √(−9) si √36. Toa i kwanza: 2i × 3i = −6.