Silinda ya Tatu

Mnunuzi alikuwa tayari kutoa dola 600 kwa mashine jinsi ilivyo. Fundi naye alikuwa ameniandikia makisio ya dola 950 kwa kuifungua injini yote. Ilikuwa mashine ya kukata majani, ile unayoipanda na kuiendesha, Kubota ya mazutu (dizeli), injini ya D722: silinda tatu, sentimita za ujazo 719, saa 2,340 kwenye mita. Februari 2019, hapa Lubumbashi, mvua ilikuwa inapiga karibu kila alasiri, na uwanja wa mpira niliokuwa nautunza ukikosa kukatwa siku kumi, majani yanafika magotini.

"Motere ilisha kufa, papa," fundi aliniambia. "Muuzishe tu."

Dalili zenyewe zilikuwa hizi. Asubuhi stata ilizungusha nusu dakika nzima, injini ikawaka kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika tano hivi, ndipo ikatulia. Ikiingia kwenye majani mazito, inalegea. Moshi ule ulinuka mazutu na kuwasha macho, maana yake ni mafuta yanayotoka bila kuungua. Ungekuwa mvuke wa maji ya rejeta, maji yangepungua, nami niliyatazama juma zima hayakupungua hata kidole.

Kabla ya kuamua lolote nilitaka kujua ni silinda ipi. Injini ikiwa inanguruma polepole, unalegeza nati ya bomba la injekta moja (kifaa kinachonyunyizia mazutu ndani ya silinda) kwa nusu mzunguko, ukiwa umeifunika kwa kitambaa kizito, mkono ukiwa mbali, kwa sababu mazutu yenye shinikizo hupenya ngozi. Mlio ukishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ya kwanza ukashuka, ya pili ukashuka. Ya tatu: haukubadilika, kana kwamba sikugusa kitu. Nikahamisha injekta ya tatu kwenda ya kwanza na ya kwanza kwenda ya tatu, nikaweka washa mpya za shaba chini yake (shaba ya zamani ikirudishwa huvuja). Ubovu ukabaki pale pale kwenye ya tatu. Basi injekta haina kosa, na dola 180 za injekta kwenye makisio ya fundi zikafutika.

Zikabaki namba za kompresheni, yaani shinikizo la hewa pistoni inapoibana ndani ya silinda, kwa kilo kwa sentimita ya mraba. Fundi alikuwa amepima akapata 19, 18 na 10, na kitabu cha injini hiyo kinasema chini ya 23 ni mwisho. Kwa hesabu hiyo, silinda zote tatu ni maiti. Lakini alipima kwa betri iliyokuwa imezungusha stata asubuhi nzima, na injini ikizunguka taratibu hewa hupata muda wa kuvuja. Kipimo kinataka mizunguko kama 250 kwa dakika. Nikaichaji betri usiku kucha, tukapima tena kupitia matundu ya plagi za kupasha moto: 22, 21, 13.

Bado zote ziko chini ya 23. Hapo ndipo watu wengi huku kwetu huuza injini nzima kwa bei ya vyuma. Namba ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu, na hewa tunayovuta ina shinikizo la karibu asilimia 87 ya ile ya pwani. Zidisha 23 kwa 0.87, unapata 20. Kwa hiyo silinda mbili zimechoka lakini ziko ndani ya mpaka, na mgonjwa ni mmoja tu.

Tukafungua mfuniko wa valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi, miwili kwa kila silinda), injini baridi. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma inatakiwa iwe kati ya milimita 0.145 na 0.185. Tano zilikuwa karibu na hapo. Valvu ya moshi ya silinda ya tatu haikupitisha hata fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.05. Nikairekebisha, kompresheni ikapanda hadi 15, ikagoma hapo. Tukaleta kompresa ya mziba pancha. Pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, tukasukuma hewa ya kilo 5 kupitia tundu la plagi, mtu mmoja akiishika puli kwa spana isizunguke. Ukisikia upepo kwenye tundu la kumiminia oili, ni ringi. Kwenye bomba la hewa, ni valvu ya kuingiza. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi. Sisi tuliusikia kwenye ekzosi, yaani ni valvu ya moshi, unapiga mluzi kama sufuria inayokaribia kuchemka.

Kichwa cha injini, kile kinachofunika silinda na kubeba valvu, kilipotoka, ukingo wa valvu ile ulikuwa umeliwa, kama kipande cha muhogo kilichoonjwa na panya. Kiti chake kilikuwa kimezama. Kiti kikizama, valvu inapanda, nafasi inakwisha, valvu haikai tena sawasawa. Joto lake hupitia kwenye kiti kwenda kwenye chuma cha kichwa, na njia hiyo ikikatika inaungua yenyewe. Tuliweka rula ya chuma juu ya kichwa: mpaka ni 0.05, na fila ya 0.04 haikupita. Hakijapinda, hakuna kukwangua.

Ila nilipoingiza kidole kwenye mpira wa hewa, nyuma ya filta, kilitoka chekundu. Filta ilikuwa imepasuka ukingoni kwa kupigwapigwa kwenye tairi ili itoke vumbi, na juu ya silinda ukucha ulikwama kidogo kwenye ngazi, pale ukuta ulipolika na ringi. Vumbi la kiangazi chetu lilikuwa limeshaanza kula ringi. Hapo nikaamua: kichwa tutengeneze, ringi tusiguse, mashine imalize mvua hizi, kisha iuzwe mwanzoni mwa mvua zijazo. Mei nani atanunua mashine ya kukata majani?

Gasketi na valvu vilipitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, siku 12. Gasketi dola 70, valvu 18, filta 22, kukata kiti 40, shaba za injekta 9. Boliti tulikaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi nyutoni-mita 40. Namba mpya: 22, 21, 20.

Novemba mnunuzi yule yule alikuja saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya salamu aliweka kiganja kwenye ekzosi, aone kama tumeipasha. Ilikuwa baridi. Nikampa karatasi yenye zile namba tatu na habari ya vumbi. Ikawaka kwa sekunde nne. Akafungua mfuniko wa oili, akautazama moshi unaopumua pale, akanitazama mimi.

Nilitaka 1,400. Akatoa 1,300, akaomba na filta ya akiba.