Kutembea na Kula Katika Bonde la Eisack

Kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Novemba, wakulima wa Tirol Kusini, kaskazini kabisa mwa Italia, hufungua vyumba vyao vya kulia kwa watu wanaopita kwa miguu. Zabibu zimekwisha kukamuliwa, majani ya miti yamegeuka manjano na mekundu, na wenyeji wamo katika desturi yao waiitayo Törggelen, ambayo ni kutembea mlimani shamba hadi shamba na kula mazao ya shamba lile ulilofikia. Hapo zamani mkulima aliwaalika majirani na vibarua waliomsaidia kuvuna. Siku hizi hata mgeni wa mbali hukaribishwa mezani.

Mimi na dada yangu tunaishi Munich, na treni ya kuvuka mlima Brenner hutufikisha mji wa Brixen, katika bonde hili, kwa muda usiofika saa nne. Tulichagua njia ya Keschtnweg, yaani njia ya chesnati, njugu za mti mkubwa ambazo hukaangwa na kuliwa, ambayo huanzia karibu na monasteri ya Neustift, iliyoasisiwa mwaka 1142, na kushuka kusini kando ya bonde la mto Eisack hadi upande wa Bolzano. Ni ndefu, zaidi ya kilomita 60, nasi tulitaka kipande chake cha juu tu, kupitia kijiji cha Feldthurns hadi mji mdogo wa Klausen. Vibao vyote vina majina mawili, la Kijerumani na la Kiitaliano, kwa kuwa nchi hii ilikuwa ya Austria hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha.

Mwanzo wa njia ni mpando, kisha njia hutulia na kupita katikati ya mizabibu, bustani za matofaa na miti ya chesnati iliyozeeka, mingine ikiwa na shina ambalo mimi na dada yangu hatukuweza kulizungushia mikono. Chini ya miti hiyo ardhi yote ilikuwa imefunikwa na maganda yenye miiba mikali. Kila ganda lililopasuka lilionyesha njugu mbili au tatu za kahawia zinazong'aa, zimebanana, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Hatukuziokota, kwa sababu miti hiyo ina wenyewe na njugu hizo ni mapato yao.

Sisi ni Waislamu, na meza ya Törggelen kwa kawaida hujaa nyama ya nguruwe: Speck iliyokaushwa kwa moshi, soseji, mbavu zilizotiwa chumvi, vyote pamoja na kabichi iliyochachushwa na mvinyo mpya. Wapo waliotuambia kwamba safari hii haitufai. Nawajibu hapa kwamba walikosea sana. Tulipoweka nafasi kwa simu tulieleza tusichokula, na katika shamba la kwanza, juu ya Feldthurns, mama mwenye nyumba alikuwa ametupikia kando supu ya shayiri isiyo na nyama, yenye karoti na figili, nzito na ya moto. Baada yake zilikuja Schlutzkrapfen, unga uliokandwa ukasukumwa mwembamba, ukajazwa mchicha na jibini laini, ukakunjwa kwa umbo la nusu mwezi, ukachemshwa na kumwagiwa siagi iliyoyeyushwa hadi ikabadilika rangi. Badala ya mvinyo alituletea maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuchemshwa hapo hapo shambani, matamu hata tukayachanganya na maji baridi.

Chesnati zilikaangwa uani, na nilitoka nje ili nione. Kijana wa nyumba alikuwa amezichanja moja moja kwa kisu, kwani isiyochanjwa hupasuka motoni. Alizirusha katika kikaango chenye matundu na mpini mrefu juu ya moto wa kuni hadi maganda yakaungua na kufunguka penye chanjo. Huletwa mezani zikiwa bado za moto, unazimenya kwa vidole vinavyoungua na kuzila na siagi. Ladha yake iko karibu na kiazi kitamu kilichochomwa kwenye majivu, ila ni kavu zaidi na ina harufu ya moshi.

Kesho yake tulitoka Feldthurns, penye kasri la karne ya 16 ambamo maaskofu wa Brixen walikuwa wakipumzika wakati wa kiangazi, huku vilele vya Geisler vikionekana ng'ambo ya bonde, vyeupe kwa theluji ya kwanza. Sehemu hii ndiyo niipendayo kuliko zote, maana ni mteremko na mtu hupata nafasi ya kutazama. Juu ya Klausen tulipita Säben, monasteri iliyojengwa juu ya mwamba, ambayo masista wa Kibenedikto waliondoka mwaka 2021 baada ya kuishi hapo tangu karne ya 17. Shamba la mwisho lilitupatia Krapfen, maandazi ya kukaangwa yaliyojazwa jamu ya aprikoti na mengine mbegu za mpopi zilizosagwa.

Anayetaka kufuata nyayo hizi asiende Jumamosi, kwani siku hiyo mabasi ya watalii hujaa na meza hugombaniwa. Aende katikati ya juma, aweke nafasi mapema, na aseme waziwazi asichokula.