Soya yangu Kasulu, bila urea

Msimu ule soya ilininyima mavuno, na kilichoniuma zaidi ni kwamba nilifuata ushauri neno kwa neno. Muuza pembejeo alinipa pakiti ya bakteria wa soya, gramu 100 za unga mweusi kama masizi, za kuchanja, yaani kupaka, kilo 10 za mbegu. "Changanya tu, mama, halafu usisahau urea." Basi. Habari ya kuwatunza hao bakteria hakunigusia.

Pakiti ikakaa wiki mbili juu ya kabati, chini ya bati, joto la kulainisha mshumaa. Siku ya kupanda nikaona mbegu zinanata mikononi, nikazianika juani zikauke. Saa sita mchana nikazifukia, na urea, mbolea ya naitrojeni, nikaitia humohumo. Shamba likawa kijani hadi wapita njia wakanisifu. Wiki ya saba nikachimba miche kumi: mizizi myeupe, laini, haina hata kinundu kimoja, kile kivimbe cha mzizini wanamokaa bakteria wakiulisha mmea naitrojeni. Bakteria waliishia kwenye bati na juani, na hata wangepona, soya inayolishwa naitrojeni ya mfuko wa urea haihangaiki kuwapa makao. Nilivuna gunia moja na kidogo.

Msimu uliofuata nilinunua pakiti wiki ileile ya kupanda, nikaiweka ndani ya mtungi mkavu pembeni mwa chumba cha giza. Ushauri huo sikupewa na mtu, niliukumbuka kwa mama, ndivyo alivyotunza maziwa yasiharibike upesi. Alfajiri nikalowesha mbegu kwa maji ya sukari kidogo tu, nikamwaga unga, nikapepeta kwenye beseni mpaka kila punje ikawa nyeusi. Beseni nikalifunika kwa kanga mbichi. Udongo ulikuwa na unyevu. TSP, mbolea ya fosforasi, nilitangulia kuitia chini, nikaifunika udongo ndipo nikaweka mbegu, maana vinundu vinahitaji fosforasi lakini bakteria hawavumilii kugusana na mbolea. Mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu usiichanje.

Soya ilipoanza kutoa maua wifi alikuja, akashika shina avute. "Wifi, usiing'oe! Vinundu vitabaki ardhini." Tukachimba kwa jembe, tukaosha mizizi kwenye ndoo. Vilikuwa vimejazana karibu na shina, vingine ukubwa wa punje ya mtama. Nikakipasua kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

"Hii damu?"

Nikamweleza kuwa wekundu ndio dalili ya kazi: bakteria wanachukua naitrojeni hewani, mmea unawalipa sukari. Kikiwa cheupe au kijani ndani, hakifanyi kitu.

Nilivuna magunia mawili na debe kwenye robo eka na kitu, bila urea hata kijiko. Pakiti haikufika hata robo ya bei ya mfuko wa urea.

Wifi alitaka unga uliobaki aupake maharage yake. Nikamkatalia, wale ni wa soya, maharage yana wao. Mwaka huu naye analima soya, na mtungi ameshauazima.