Tukuchangie lini?

Mahari ya mdogo wetu ilikwenda salama, wakwe ni watu wastaarabu, na stesheni ya televisheni imekubali tuendelee na msimu mwingine wa kipindi chetu. Lakini tangu turudi kutoka Nakuru ninachosikia ni sauti ya mjomba.

Nilikuwa namnawisha mikono. Akaniuliza, "Bado uko kwa hayo mambo ya kuchekesha?" Nikamjibu ndiyo, mjomba, na siku hizi naandika vipindi, siigizi tu. Akakung'uta maji, akasema polepole, "Mzee Ojwang alichekesha Kenya nzima. Uzeeni tukamchangia pesa za macho. Wewe, mama, tukuchangie lini?"

Wazee wakacheka. Nikasogeza beseni kwa aliyefuata.

Angetaja mtu mwingine yeyote ningelala. Kutaja Ojwang! Watu wa nyumbani wote wanajua ni kwa ajili yake niliingia kazi hii. Jina lake halisi Benson Wanjau, Mkikuyu aliyekibeba Kiswahili cha Mjaluo hadi watu wakasahau alizaliwa nani. Yeye na Mary Khavere, Mama Kayai wetu, waligombana kwenye kipindi cha vichekesho cha Vitimbi kwa namna ambayo nchi nzima iliamini ni mke na mume kweli. Hilo haliji lenyewe. Ni mtu anayejua anyamaze wapi, amwachie mwenzake neno la mwisho wapi. Mimi nikiandika ugomvi wa jikoni hadi leo nawasikia wale wawili kwanza, ndipo naandika.

Tukuchangie lini. Hakusema "tutakuchangia". Alisema lini, kama kwamba jambo lenyewe limeshaamuliwa, imebaki tarehe. Usiku nimemjibu mara nyingi kitandani. Nimemwambia aibu haikuwa ya Ojwang. Mtu ametumikia televisheni tangu enzi za Voice of Kenya, kabla haijaitwa KBC, kila mtoto anamjua, kisha macho yanaharibika na hakuna mfuko wa kumtibu ila mifuko ya waliomtazama. Alipofariki Julai 2015 tulilia sana. Machozi yale hayakuwa malipo yake.

Jana nilimpigia mama nikamweleza jinsi ndugu yake alivyonivunjia heshima mbele ya watu. Mama akanyamaza, halafu akaniambia kwamba katika mchango ule wa macho mjomba alituma pesa siku ya kwanza, akiwa hana kazi. Na baada ya mahari alimvuta kando akamuuliza kama nakatwa NSSF, ile akiba ya uzeeni.

Kumbe alikuwa anauliza kweli. Lini.

Leo nimetoa mkataba wa msimu mpya nikausoma wote, hata yale maandishi madogo. Nikishakabidhi skripti ni yao, haki zote, daima, na kipindi kikirudiwa mara mia silipwi hata shilingi. Kama mwigizaji nina pa kushika, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inamtambua mwigizaji. Kama mwandishi nitafungwa na sahihi yangu mwenyewe, na bado sijaitia. Nitadai malipo ya marudio. Wakikataa, nitadai tena, na nimeshaongea na waandishi wenzangu wawili ambao nao hawajatia sahihi. Mjomba nitamtumia sukari na majani ya chai mwisho wa mwezi, na nitampigia nimwambie jibu lake liko njiani.

Kinachonikosesha raha usiku huu ni msichana wangu. Nikimwita akiwa amenipa mgongo hageuki, na televisheni anaiongeza sauti mpaka jirani anagonga ukuta. Baba yake anasema ni utoto tu. Mwalimu naye ameandika kwenye daftari kwamba hasikilizi darasani. Jumatatu nampeleka kliniki ya masikio, kurekodi wataanza bila mimi.