Nyuso zetu kwa kamera ya mkanda: nilivyofanikiwa Mji Mkongwe

Ukisema unataka kupiga picha za watu kwa kamera ya mkanda, kila mtu ana la kukwambia, na mengi ni ya kukupoteza. Mimi niliambiwa mambo mawili tangu mwanzo. La kwanza, nitafute lenzi ndefu nijibanze pembeni, watu wapigwe bila kujua. La pili, ngozi zetu ni nyeusi mno kwa kamera za zamani, kwa hiyo bila flashi nisijisumbue. Yote mawili si kweli. Nina boksi zima la picha chumbani, karibu zote nimezipiga vichochoroni hapa Unguja nikiwa hatua mbili kutoka kwa ninayempiga, bila flashi, kwa Olympus Trip 35.

Trip ilianza kutengenezwa mwaka 1967 ikaendelea mpaka 1984, na betri haina. Kile kioo chenye vijichomozo kinachoizunguka lenzi kina madini ya seleniamu ndani yake. Mwanga ukikipiga unatoka umeme kidogo sana, umeme huo unasukuma sindano, na sindano ndiyo inayoamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Spidi za shata, yaani kile kijipazia kinachofunguka na kufunga kupitisha mwanga, ziko mbili tu, 1/40 na 1/200 ya sekunde, na ukizoea unazitofautisha kwa sikio. Umbali unaupanga kwa vialama: kichwa kimoja ni kama mita moja, vichwa viwili mita moja na nusu hivi, kundi la watu kama mita tatu, mlima ni mbali kabisa. Mwanga usipotosha, kijibendera chekundu kinachomoza unapochungulia na shata inagoma. Basi, kamera yote ndiyo hiyo. Yangu niliipata kwa bei ambayo simu ya kawaida huipati.

Mikanda naletewa na jamaa wanaotoka Uingereza. Natumia HP5 Plus ya Ilford, nyeusi na nyeupe, ASA 400 (ASA ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga). Anayekuletea mwambie aibebe mkononi, asiitie katika begi linalokwenda chini ya ndege, maana miale ya mashine za kukagulia mizigo hiyo inaweza kuiharibu filamu. Na pale penye ukaguzi wa abiria aombe ikaguliwe kwa mkono. Bei yake si mbali na matumizi ya jikoni ya siku tatu nne, kwa hiyo kila picha naifikiria kabla sijabonyeza.

Sasa nieleze lililoniudhi. Picha zangu za mwanzo za wazee wa barazani zilirudi hivi: kanzu nzuri, ukuta mzuri, mlango wa nakshi mzuri, uso giza tupu. Pua huioni, macho huyaoni. Jamaa aliyenichapishia akanijibu bila hata kuinua kichwa kwamba ngozi ndiyo ilivyo, ninunue flashi. Nilirudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu mji huu huu una ushahidi kinyume chake. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio hapa Zanzibar mwaka 1930, na picha za zamani za studio ile zinaonyesha watu wa rangi zote, weusi kwa weupe, kila uso na nuru yake. Kama iliwezekana zama zile, vipi leo tuambiwe tatizo ni ngozi?

Tatizo ni hesabu ya kamera. Inachukua mwanga wa kila kilicho mbele yake na kutafuta wastani. Mzee kavaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, nyuma yake ukuta wa chokaa: kamera inaona weupe mtupu, inadhani mwanga umezidi, inafunga tundu. Uso ndio unaolipa. Kwa mikanda ya rangi kulikuwa na dhuluma nyingine juu ya hiyo: kwa miaka mingi Kodak iliwapa wasafishaji wa picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, ndizo zilizojulikana kama kadi za Shirley, na mashine zikarekebishwa mpaka yeye apendeze. Wengine tukatoka rangi ya majivu. Lakini mkanda mweusi na mweupe hauna kadi hiyo. Hapo ni mwanga tu, na mwanga unapimika.

Ujanja wenyewe ni huu, na sikufundishwa na mtu. Trip ukibonyeza kitufe nusu, sindano inabanwa pale pale ilipo. Ukiendelea kushikilia, kipimo hakibadiliki hata ukiielekeza kamera kwingine. Na kwa kuwa umbali umeshaupanga kwa kialama, kuigeuza kamera hakuuharibu. Nikaona, ala, kumbe sina haja ya kuipimia kuta! Nanyoosha mkono wangu wa kushoto karibu na uso wa ninayempiga, mgongo wa mkono ukitazama kwangu, upigwe na mwanga ule ule unaompiga yeye. Nasogeza kamera mpaka mkono ujaze kioo cha kuchungulia, naangalia kivuli cha kamera kisiuangukie, nabonyeza nusu. Kisha mkono chini, narudi mahali pangu kidole kikiwa hakijaachia, natulia, namalizia kubonyeza. Kiganja hakifai, kiganja chetu ni cheupe kuliko uso. Mgongo wa mkono ndio kipimo, hasa kama mna rangi zinazokaribiana. Kitufe cha Trip ni kigumu kidogo pale katikati, kwa hiyo fanya mazoezi kamera ikiwa haina mkanda mpaka kidole kijue penyewe.

Mzee mmoja muuza kahawa, nilipomwekea mkono mbele ya uso, akaniuliza, “Unanisomea, mwanangu?” Baraza zima likacheka, naye akacheka, kisha akatulia kama mtu aliyeingia studio. Picha ile ndiyo ninayoionyesha kila anayeniambia habari za flashi. Mikunjo ya paji la uso ipo, ndevu zimetengana unywele kwa unywele, na vitobo vya kofia unaweza kuvihesabu. Kanzu nayo haikuungua ikawa doa jeupe tupu, kwa sababu HP5 inastahimili mwanga uliozidi kidogo. Inachoshindwa kusamehe ni mwanga uliopungua.

Kama watu wanapita na hakuna nafasi ya kunyoosha mkono, kuna njia ya mkato. Katika uchochoro mweupe naigeuza ASA ya kamera kutoka 400 kuiweka 200. Kamera inadhani filamu ni nzito kupokea mwanga, inaingiza mwanga maradufu. Ukitoka penye weupe, irudishe.

Saa sita mchana mimi sipigi uso wa mtu juani. Jua liko utosini, macho yanakuwa mashimo. Natafuta uchochoro ambao jua limepiga ukuta wa upande mmoja juu, mtu namkalisha upande wa pili kivulini, autazame ukuta huo. Chokaa inamrudishia mwanga laini, na kijibendera chekundu hukioni kabisa. Mlango ulio wazi nao ni studio tosha: mtu asimame kizingitini, nyuma yake giza la nyumba, mbele yake mwanga wa njia.

Sasa mtaelewa kwa nini ule ushauri wa lenzi ndefu siutaki hata kuusikia. Ukijificha mbali, mkono utauweka wapi? Kipimo changu kinanilazimisha nisogee, na ukisogea lazima useme. “Shikamoo babu.” “Marahaba.” “Naomba nikupige picha, nami nikuletee yako.” Hapo kwenye kuletewa ndipo mambo yanapofunguka. Muuza samaki mmoja wa Darajani aliniambia wageni wamempiga miaka na miaka akiwa anapara samaki, na hajawahi kuona hata moja. Yake nilimpelekea mkononi, ukubwa wa postikadi, na tangu hapo yeye ndiye anayenitambulisha kwa wenzake. Anayekataa namshukuru naondoka, na kesho yake namwamkia vile vile.

Kwa wanawake wenzangu nilipata njia ambayo kamera ya simu haiwezi kuwapa. Wengi hawataki picha zao zizagae, na wana haki. Mimi nawaambia: picha ipo mahali pamoja tu, kwenye mkanda, mkanda nausafisha mwenyewe nyumbani, hapiti mwanamume yeyote kuutazama, na ukitaka, negativu naikata nakupa uifungie kabatini kwako. Bibi mmoja jirani, ambaye alikuwa hajapigwa picha tangu ile ya pasipoti ya kwendea Hija, alinikaribisha ndani, akavaa kanga zake mpya, akakaa karibu na dirisha. Negativu yake anayo yeye.

Ndiyo maana kusafisha nyumbani kwangu ni sharti, si mapambo. Na hapa pia nilipewa ushauri wa watu wa nchi za baridi: dawa ya kusafishia iwe nyuzi 20, basi. Kwa ID-11, dawa ya Ilford hao hao, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, HP5 inataka dakika 13 kwa nyuzi hizo. Lakini maji yetu wakati wa kaskazi yanakaribia nyuzi 30! Ukiyashusha mpaka 20 kwa barafu, yanapanda tena huku bado unatikisa tangi, kile chombo kisichopitisha mwanga, na hujui tena uhesabu dakika ngapi. Mimi nashusha mpaka 24, yanatulia hapo, na muda napunguza uwe kama dakika tisa. Barafu ya vifuko naizungusha ndani ya beseni nje ya chupa, siitii katika dawa. Dawa zote pamoja na maji ya kusuuzia viwe joto moja, kwani filamu ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye joto ghafla, utando wake unaweza kukunjamana. Suuzo la mwisho natumia maji ya mvua au ya chupa na tone moja la sabuni ya vyombo. Maji ya visima vyetu yametoka kwenye mawe ya matumbawe, yanaacha madoa meupe. Kuutia mkanda kwenye tangi nangoja usiku, na umeme ukikatika mtaani ndiyo raha yangu, hakuna taa ya jirani inayopenya dirishani.

Negativu za waliokubali picha zao zichapishwe naziweka juu ya kishikwambi chenye skrini nyeupe, nazipiga kwa simu, nazigeuza, kisha nachapisha hapo hapo mjini.

Anayetaka kununua Trip aijaribu kwanza. Iweke kwenye A, pale inapojipimia mwanga yenyewe, funika lenzi kwa kiganja, bonyeza: kijibendera chekundu lazima kitokee na shata ikatae. Ielekeze kwenye mwanga, ikubali. Ikikubali hata gizani, au ikikataa hata juani, mrudishie mwenyewe. Ikishakuwa yako, ifunike lenzi usipoitumia, kwa sababu ile seleniamu inasemekana huchoka kwa kukaa mwangani. Na usiku usiiache nyumbani: ukiitoa kwenye A ukaiweka 2.8, yaani tundu wazi kabisa, inapiga kwa 1/40 bila kukuomba ruhusa. Forodhani, mtu akiwa karibu kabisa na taa ya muuza urojo nawe umeegemea nguzo usitikisike, uso wake unaupata.