Stelingi nyepesi, karavani, na mizani ya mama watoto

Ukivuta karavani halafu stelingi iwe nyepesi kama ya gari ya watoto, tafadhali usikimbilie alainimenti, yaani kunyoosha magurudumu. Mimi nilikimbia, na hiyo pesa niliiaga.

Karavani yenyewe ni kuukuu, bati lake limeandikwa kilo 1,100. Nikaifunga kwa Hilux tukatoka Nakuru saa kumi alfajiri, tukaulize samaki Kisumu. Kila lori tuliyopishana nayo ilikuwa inanipiga mataa, nikadhani kuna polisi mbele, kumbe ni mimi nawachoma macho, boneti imeinuka taa zinamulika mbingu. Kupita Salgaa tukianza kupanda ndio nikashtuka, nakata kona na gari inafikiria kwanza ndio ikubali. Nikageuza Mau Summit, na kwa ile miteremko ya kurudi magurudumu ya mbele hata breki yalikuwa yanashika kwa mapenzi yake. Watoto walininunia wiki nzima.

Fundi wa kwanza alainimenti. Wa pili akabadilisha tairodi zote mbili, vile vyuma vya stelingi vya kugeuza magurudumu, elfu nane ama tisa hivi na kazi yake. Stelingi ileile. Binamu yangu wa Marekani akasema ninunue vile vyuma vya kugawa uzito hadi magurudumu ya mbele, huko kwao ni kawaida, lakini kuvisafirisha tu ni bei ya ndama. Jirani ndiye aliyetaka kuniua. Ati, "Mzee, hiyo mizigo yote sukuma nyuma ya karavani, pua itashuka." Nikamsikiza. Barabara ya Njoro, sijafika hata themanini, naangalia kioo cha kulia naona karavani, naangalia cha kushoto naiona tena, inakata kiuno kama iko harusini! Nilitoa mguu kwa mafuta pole pole, breki sikugusa, stelingi nikaishika wima mpaka ikachoka yenyewe. Shati ningeikamua.

Ndio nikarudisha mizigo mahali pake, nikakubali kupima. Uzito ambao kichwa cha karavani, pale inapofungwa, kinalalia gari unafaa uwe kama asilimia 10 hadi 15 ya karavani nzima. Ukipungua inacheza vile, ukizidi inainua pua ya gari na stelingi inakuwa nyepesi. Kwangu mimi ni kati ya kilo 110 na 165. Nikachukua mizani ya bafu ya mama watoto nikashusha kichwa juu yake moja kwa moja. Mizani yenyewe mwisho 150. Ililia mara moja tu, ta!

"Baba Brian, hiyo ilikuwa mizani ama jeki?"

Ya pili niliazima kwa dada yangu, bila kumwambia ya nini. Safari hii niliweka ubao, mwisho mmoja juu ya tofali, mwingine juu ya mizani, kichwa cha karavani kikakalia ubao futi moja kutoka kwa tofali na futi mbili kutoka kwa mizani. Hapo mizani inabeba theluthi moja tu, unazidisha kwa tatu. Ilisoma 66, nikatoa 2 za ubao, mara tatu: 192! Na tairodi za watu nilikuwa nimetupa.

Tangi la maji na betri zilikuwa puani kabisa, nikavisogeza hadi juu ya ekseli ya karavani, si nyuma yake, jirani asinisikie. Kipimo kikashuka 138. Halafu jenereta na majerikeni yalikuwa yamekalia mlango wa nyuma wa pikapu, hapo ni kama mtu mnene kwa bembea, mbele lazima ipande. Nikayabananisha na kabini. Presha ya tairi za nyuma za pikapu nikaongeza.

Kwa futi ya fundi nguo, kutoka chini hadi madigadi ya mbele ilikuwa sentimita 88 bila karavani, 91 nikiifunga. Sasa ni 89.

Jumamosi tulipita Salgaa, Kericho, Ahero, hakuna lori iliyonipiga taa. Samaki tulikula Dunga saa saba mchana. Mizani ya dada nimerudisha, ile nyingine bado nakumbushwa kila asubuhi.